Ukifika Nijulishe: Kwa Nini Ndege Huanguka Zikiwa Zimebakiza Dakika Mbili Kutua

Kila mtu humwambia mwenzake maneno hayo anapomsindikiza safari. Je, umewahi kumwambia, "Na ukigeuza, nijulishe pia"?

Mke ni mwalimu Kitomanga, ile njia ya kutoka Kilwa kwenda Lindi. Mume anafanya kazi benki, Dar es Salaam. Ndoa yao ni ya simu, kama zilivyo ndoa nyingi za vijana wenye ajira mbili katika mikoa miwili: asubuhi ujumbe, mchana salamu, usiku kaugomvi kadogo ka kuonyeshana kuwa bado tunapendana. Mwaka 2024 Mungu akawajalia mtoto wa kwanza. Arobaini ikapangwa Kitomanga, nyumbani kwa wazazi wa mke, Jumamosi moja ya mwezi wa tano.

Kumbe mwezi wa tano huo ndio Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu. Mvua ikanyesha ikasahau kuacha, na barabara ya kusini ikakatika maeneo ya Somanga. Mabasi yakalala njiani, abiria wakakaa pande mbili za maji wakitazamana. Baba mtoto hakukata tamaa. Yeye na wenzake wachache wenye shida kama yake wakachangishana, wakakodi ndege ndogo ya kwenda Kilwa Masoko. Shemeji yake angempokea hapo kwa gari, halafu moja kwa moja Kitomanga.

Saa nne asubuhi, sufuria la pilau limeshafunikwa kwa makaa na wageni wameshaanza kukaa kwenye mikeka, simu ya mama mtoto ikalia. "Mama, tumezunguka juu ya Kilwa mara mbili. Mvua, hatuoni kitu. Rubani amegeuza, tumerudi Dar."

Jamani! Mama mtoto alinuna wiki nzima. "Watu wamevuka Somanga maji yakiwa kiunoni wakafika, wewe uliye juu ya ndege ndiyo umeshindwa?" Mjomba mmoja naye hakukosa la kusema: "Mkwe gani huyu anayeishia mawinguni?"

Niliwakuta Dar miezi kadhaa baadaye, mambo yameshatulia, mtoto ameshaanza kukaa. Yule kaka akaniambia, "Dada, siku ile nilimchukia yule rubani kuliko mtu yeyote duniani. Kiwanja kilikuwa pale pale chini yetu. Dakika mbili tu! Angeshindwa nini kujaribu?"

Swali hilo, mpenzi msomaji, ndilo lililonifanya niandike makala hii. Dakika mbili tu, angeshindwa nini kujaribu?

DAKIKA CHACHE, MISIBA MINGI

Wengi wetu tukipanda ndege tunaogopa kule juu. Ndege ikitikisika mawinguni tunashika kiti na kukumbuka madeni yote. Ikianza kushuka, tukaona mabati ya nyumba na minazi, roho inatulia. Tunawasha simu hata kabla hatujaruhusiwa. Tumeshafika, bwana!

Ukweli ni tofauti. Takwimu ambazo kampuni ya Boeing huchapisha kila mwaka kuhusu ndege za jeti zinaonyesha kuwa hatua ya mwisho ya kukaribia uwanja na kutua huchukua kama asilimia 4 tu ya muda wa safari, lakini karibu nusu ya ajali zenye vifo hutokea humo. Ndege ndogo, zile zinazotua kwenye viwanja vya changarawe na vya ufukweni, haziko salama zaidi.

Sababu yake inaeleweka. Kule juu ndege ina mwendo mkubwa na nafasi ya kutosha. Kosa likitokea, rubani ana muda wa kulirekebisha. Wakati wa kutua anapunguza vyote viwili kwa makusudi: mwendo unapungua, kimo kinapungua, na ardhi inakuja. Ni kama gari linaloteremka mlima mrefu kuelekea daraja jembamba. Ukikosea juu kabisa una muda wa kunyoosha usukani. Ukikosea hatua kumi kabla ya daraja, huna.

Na kazi zenyewe hulundikana dakika hizo hizo. Rubani anateremsha magurudumu, anafungua flapu za mabawa, anaongea na mwongoza ndege, anapima upepo, anatafuta kiwanja kwa macho, anahesabu mwendo. Kwenye ndege kubwa wako wawili wa kusaidiana. Kwenye nyingi za hizi ndogo, yuko peke yake.

BUKOBA, JUMAPILI ILE

Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliondoka Dar es Salaam asubuhi kwenda Bukoba. Ni ndege ya injini mbili za pangaboi, wengi wetu tumeipanda kwenda Mtwara au Mwanza. Ndani walikuwemo watu 43: abiria 39, marubani wawili na wahudumu wawili.

Anayeujua uwanja wa Bukoba anajua uzuri wake na ugumu wake. Uko kandokando ya Ziwa Victoria, maji yako karibu kabisa na njia ya kutulia. Asubuhi ile kulikuwa na mvua na mawingu. Waliopona walieleza namna ndege ilivyozunguka na kutikiswa kabla ya kujaribu kutua. Haikuufikia uwanja. Ilianguka ziwani, karibu sana na nchi kavu, kiasi kwamba watu wa mjini waliiona kwa macho yao ikiwa imezama pua, mkia uko juu.

Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mlango wa nyuma ulifunguka, na waliokuwa wamekaa nyuma wakapata njia ya kutokea. Watu 24 wakaokolewa. Watu 19 walikufa, wakiwemo marubani wote wawili. Kesho yake majeneza yalipangwa uwanja wa Kaitaba na taifa likaomboleza, mbele ya Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, mwana wa Ruangwa, mkoa huu huu wa Lindi.

Siku ile kila kijiwe kilikuwa na bingwa wa urubani. "Ni mvua." "Ni uwanja." "Ni rubani." "Ni ndege." Ndivyo tulivyo binadamu, tunataka jina moja la kubeba lawama, tulale. Wanaochunguza ajali za ndege hawafanyi hivyo. Kwa taratibu za kimataifa, kazi yao si kumtafuta wa kufungwa. Kazi yao ni kuzuia msiba mwingine. Wanachotafuta ni mnyororo: jambo hili lilikutana na lile, likakuta lile halijazibwa, likafika kwenye kifo. Kata pete moja tu ya mnyororo na watu wanafika nyumbani.

Hebu tuzitazame pete zenyewe, zile ambazo hurudi tena na tena ndege ndogo inapoanguka ikikaribia kutua.

PETE YA KWANZA: UPEPO UNAOGEUKA

Bawa la ndege halijui ardhi. Linajua hewa inayopita juu yake tu. Hiyo hewa ndiyo inayolibeba.

Tuseme ndege ndogo inakaribia kutua, na hewa inapita kwenye bawa kwa kilomita 150 kwa saa. Kati ya hizo, kilomita 30 zinatokana na upepo unaovuma kutoka mbele. Ghafla wingu la mvua linabadilisha mambo na upepo ule wa mbele unakufa. Bawa limebaki na kilomita 120. Sekunde chache baadaye upepo unaanza kusukuma kutoka nyuma kwa kilomita 30. Bawa limebaki na 90. Ndege nyingi za namna hiyo haziwezi kubebwa na hewa ya mwendo huo. Zinaporomoka, na chini hakuna nafasi.

Wingu kubwa la mvua lina tabia ya kumwaga hewa chini kama mtu anavyomwaga ndoo ya maji sakafuni. Hewa ikifika chini inatawanyika pande zote. Ndege inayopita hapo inakutana kwanza na upepo wa mbele, halafu wa kushusha, halafu wa nyuma. Ndiyo maana rubani mwenye akili timamu akiona pazia jeusi la mvua limekaa mlangoni mwa uwanja, hapiti. Anasubiri au anaondoka. Sisi watu wa pwani tunaolelewa na kusi na kaskazi tunalijua hili kwa jahazi: nahodha mzuri si yule asiyeogopa upepo, ni yule anayejua upepo wa kuuogopa.

PETE YA PILI: MACHO YANAYODANGANYA

Viwanja vingi vidogo vya Afrika Mashariki havina mitambo ya redio ya kumshika rubani mkono hadi chini. Anatua kwa macho. Na macho, mpenzi msomaji, ni shahidi muongo.

Juu ya maji yaliyotulia hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna kitu cha kulinganisha. Rubani anaweza kudhani yuko juu sana kumbe maji yako karibu. Mvua kwenye kioo cha mbele nayo inaweza kukifanya kiwanja kionekane kiko mbali au chini kuliko kilivyo. Ukungu ukifunga, anaweza kuamini yuko upande mmoja wa mlima kumbe yuko mwingine. Ndege ni nzima, injini zinaunguruma vizuri kabisa, na inagonga.

Majirani zetu Kenya walilipata pigo hilo tarehe 10 Aprili 2006. Ndege ndogo ya jeshi la anga aina ya Y-12 ilikuwa inapeleka viongozi Marsabit kwenye shughuli ya kupatanisha jamii zilizokuwa zikigombana. Marsabit ni mlima unaovaa mawingu. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, ndege ikagonga mlima ikitafuta kutua. Kati ya watu 17, walikufa 14, wakiwemo wabunge kadhaa, mmoja wao Bonaya Godana aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Watu walikuwa wanakwenda kuleta amani.

PETE YA TATU: KONA YA MWISHO

Kabla ya kunyooka na kiwanja, ndege ndogo hukata kona. Mara nyingine upepo unaisukuma, rubani anaona anapitiliza. Ataka arudi kwenye mstari, anailaza ndege zaidi.

Hapo ndipo penye mtego. Ndege ikilala kwenye kona, bawa linabeba mzigo zaidi ya uzito wa kawaida, kwa hiyo linahitaji mwendo zaidi ili lisiishiwe nguvu. Ikilala nyuzi 45, mwendo wa chini kabisa wa usalama unapanda kwa karibu asilimia 20. Ikilala nyuzi 60, unapanda kwa zaidi ya asilimia 40. Na huyu rubani tayari amepunguza mwendo kwa sababu anatua! Bawa moja likiishiwa kabla ya lingine, ndege inajipindua. Kule juu angeweza kuiokoa. Kwenye kimo cha minazi mitano, haiwezekani.

PETE YA NNE: MZIGO

Hii inatuhusu wewe na mimi moja kwa moja. Wanapokupima kwenye mizani kabla ya kupanda ndege ndogo, hawana nia ya kukuaibisha mbele ya mchumba. Kilo zako zinaingia kwenye hesabu. Ndege nzito inahitaji mwendo mkubwa zaidi ili ibebwe na hewa, na njia ndefu zaidi ya kusimama. Mzigo ukikaa nyuma sana, pua inataka kupanda yenyewe na rubani anapigana nayo wakati mbaya kuliko wote.

Sasa sisi watu wa kusini tunavyojijua! Umeambiwa kilo 15, wewe una begi, una mfuko wa korosho za bosi, una nazi za shangazi, una ndoo ya samaki wakavu uliyoikabidhi kwa mlango wa nyuma "kimtindo". Kila mmoja akifanya hivyo, ndege ya watu kumi na wawili imebeba ya kumi na nne kwenye karatasi ya watu kumi na wawili. Rubani anapiga hesabu za ndege ambayo haipo.

PETE YA TANO: UGONJWA WA "NISHAFIKA"

Nimeiacha hii mwisho kwa sababu ndiyo mbaya kuliko zote, na ndiyo inayoishi hata nje ya ndege.

Marubani wana kanuni moja nzuri sana. Wakifika kimo fulani, kwa kawaida futi 1,000 kama wamo mawinguni au futi 500 kama anga ni safi, kila kitu kiwe kimetulia: mwendo sahihi, magurudumu chini, ndege iko kwenye mstari, inashuka taratibu, kama mita 5 kwa kila mita 100 inazosonga mbele. Kimoja kikikosekana, hakuna kubembeleza. Ongeza nguvu ya injini, inua pua, paa tena. Zunguka ujaribu upya, au nenda uwanja mwingine.

Rahisi, sivyo? Taasisi ya Flight Safety Foundation ililichunguza jambo hili na kukuta kitu cha kusikitisha: kati ya kila ndege 100 zilizofika hatua hiyo zikiwa hazijatulia, ni kama 3 tu zilizopaa tena. Zile 97 ziliendelea kutua hivyo hivyo. Nyingi zilitua salama, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Ukikosea ukapona, mwili unajifunza kuwa si kosa.

Kwa nini mtu aliyesomeshwa miaka mingi afanye hivyo? Kwa sababu kiwanja anakiona. Kwa sababu mafuta ni pesa. Kwa sababu kesho bosi atauliza. Kwa sababu abiria wameanza kuguna. Kwa sababu jana mwenzake alitua hapo hapo. Kila hatua aliyoikaribia nyumbani inamfanya aone kugeuza ni ghali zaidi. Hana nia ya kufa. Anaona aibu ya kurudi.

Simsemi rubani yeyote aliyetangulia mbele ya haki. Nasema juu ya ugonjwa ambao mimi ninao, na nadhani na wewe unao.

NA SISI TULIOKO CHINI?

Rudi Kitomanga. Asubuhi ile ndani ya ndege kulikuwa na watu kadhaa, kila mmoja na simu yake, kila simu na mtu anayesubiri. "Uko wapi?" "Bado?" "Wageni wameshakaa." Yule kaka aliniambia kuwa walipoanza kuzunguka mara ya pili, abiria mmoja aliyekaa karibu na rubani alimwambia, "Kaka, jaribu tu, Mungu yupo." Rubani hakujibu. Alitazama mbele, akatazama saa, akageuza.

Nikamuuliza yule kaka, "Na wewe ulisema nini?"

Akainamisha kichwa. "Nilisema, 'Jaribu, bwana.' Nilikuwa namfikiria mke wangu atakavyokasirika."

Mkewe alikuwa amekaa pembeni, mtoto mapajani. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo mimi nilikuwa ndani ya ile ndege."

Ndiyo, dada. Wote tumo. Kila tunapomfanya mtu aone aibu kuchelewa, tunaongeza pete kwenye mnyororo. Dereva wa basi anayepita mto uliofurika kwa sababu abiria wanapiga kelele. Mume anayeendesha saa sita usiku kutoka Dar, macho mekundu, kwa sababu aliambiwa "usipofika leo usije tena". Mchumba anayepanda boti bahari imechafuka ili asikose kitchen party. Tunaita mapenzi, lakini mapenzi gani hayo yanayomwekea mtu saa kichwani?

Na nje ya safari pia. Wangapi wameingia kwenye ndoa wakijua kabisa kuwa mambo hayajatulia, lakini kadi zimeshachapwa, ukumbi umeshalipiwa, ndugu wameshatoka Nachingwea? Kiwanja wamekiona, wakaona aibu kupaa tena. Sitaki kuligeuza hili kuwa somo la ndoa. Nasema tu kwamba uwezo wa kusema "hapana, tuzunguke kwanza" ni ule ule.

YA KUZUNGUMZA KABLA YA SAFARI

Mambo haya hayachukui hata nusu saa. Kaeni kitandani, zimeni televisheni, muongee.

Mpe ruhusa ya kugeuza. Mwambie wazi kabla hajaondoka: ukiona mambo si mazuri, rudi, hakuna atakayekasirika. Shughuli kubwa ikiwepo, msafiri aondoke siku moja kabla. Siku ya akiba ni rahisi kuliko msiba.

Usimsukume rubani. Usimwambie "jaribu". Usigune ndege ikipaa tena. Ukitaka kusema kitu mkishafika chini, sema ahsante.

Sema ukweli wa mzigo wako. Begi lako, kilo zako, korosho za bosi. Zote mizani.

Hesabu viti. Ukikaa tu, hesabu viti kutoka ulipo hadi mlango wa dharura ulio karibu, mbele na nyuma. Kwenye moshi au maji huoni, unapapasa. Kule Bukoba mlango wa nyuma ndio uliokuwa uhai wa wengi.

Mkanda uufunge vizuri hadi ndege isimame. Uwe chini ya tumbo, uliobana, si ule wa kuning'inia kwa ajili ya picha. Na viatu usivivue wakati wa kutua.

Jaketi la kuokolea usilijaze hewa ukiwa ndani. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa nyara iliishiwa mafuta, ikatua baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125, na miongoni mwao walikuwemo waliojaza majaketi wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia, jaketi likawapandisha kwenye dari, wasiweze kupiga mbizi kuufuata mlango. Livae, toka nje, ndipo ulijaze.

Acha begi. Begi lako kwenye ujia ni mlango uliofungwa kwa mwenzako wa nyuma. Laptopu itanunuliwa.

Ajulikane wa kupigiwa. Hili ni la wachumba hasa. Orodha ya abiria ina majina, haina mapenzi. Kama nyumbani kwao hawakujui, jambo likitokea utasikia redioni kama mpita njia, na huna wa kumuuliza. Mwambie aandike namba ya mtu wa kupigiwa, na angalau ndugu yake mmoja akujue kwa jina na sura.

MAJIBU YA LILE SWALI

"Dakika mbili tu, angeshindwa nini kujaribu?"

Angejaribu, huenda angefaulu. Huenda siku ile wangetua Kilwa Masoko wakacheka, pilau likaliwa la moto. Lakini wingu lilikuwa mlangoni, kiwanja hakionekani, ndege ina watu na mizigo, upepo unageuka, na mtu mmoja amesema "jaribu tu". Hesabu pete mwenyewe. Rubani alikata ile aliyoweza kuikata. Alikubali kuonekana ameshindwa mbele ya watu wasiojua walichoepushwa, na hatapata cheti wala mkono wa pongezi, kwa sababu ajali ambayo haikutokea haina picha gazetini.

Dua ya mtoto ilifanyika upya wiki chache baadaye, barabara ilipopitika. Baba mtoto alikuja kwa basi, amechoka, amejaa vumbi, na zawadi zake mkononi. Yule mjomba wa maneno alikuwepo pia. Mara hii alikula akanyamaza.

Nilipowaaga, kaka alikuwa anajiandaa kumsindikiza mkewe Ubungo, kurudi shuleni. Nikamuuliza dada kama bado wanaambiana "ukifika nijulishe".

Akacheka. "Tumeiongeza. Siku hizi namwambia: ukifika nijulishe, ukichelewa nijulishe, na ukigeuza nijulishe. Chakula nitapasha moto."